Maswali ya Wasomaji: Jagi la Kuchujia Maji na Kazi Lisiyoiweza

Tangu majagi ya kuchujia maji yaanze kuonekana katika maduka makubwa na katika mizigo ya ndugu wanaorudi kutoka ughaibuni, safu hii imekuwa ikipokea barua zinazouliza jagi lipi ni bora. Swali hilo halijibiki mpaka mwulizaji aseme maji yake yanatoka wapi na yana kasoro gani. Safari hii tumechagua barua za wasomaji walioeleza hilo waziwazi, na majina yao tumeyahifadhi.

Shikamoo mhariri. Mdogo wangu anayeishi London ameniletea jagi la kuchujia maji la Brita. Hapa kwetu maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, hutoka kwa mgawo, nasi tunayahifadhi katika simtanki la lita 2,000. Miaka yote nimekuwa nikichemsha maji ya kunywa, lakini gesi imepanda bei. Mdogo wangu anasema wao humimina maji ya bomba katika jagi hilo na kunywa papo hapo. Je, niache kuchemsha?
*Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba. Usiache kuchemsha, wala usidhani kwamba umeletewa jagi bovu. Ni jagi zuri, ila limetengenezwa kwa ajili ya maji yasiyofanana na yako.

Kampuni ya Brita ilianzishwa Ujerumani mwaka 1966, na majagi yake ya kawaida yamekusudiwa nyumba ambazo maji ya bomba hufika yakiwa salama tayari, lakini yakiwa na harufu ya dawa au chokaa nyingi. Maji ya London yana chokaa kiasi kwamba birika la umeme huota ukoko mweupe baada ya muda mfupi, na chai iliyoachwa kidogo hufanya utando juu yake. Mdogo wako anapochuja maji anaondoa utando huo na ile harufu ya klorini. Suala la vijidudu halimsumbui, kwa kuwa vimeuliwa katika mtambo wa kusafishia maji, na klorini kidogo iliyoachwa makusudi ndani ya maji huyalinda njia nzima hadi jikoni kwake.

Ukiipasua katriji, yaani kile kichujio cha kubadilisha kinachokaa ndani ya jagi, iliyokwisha muda wake utakuta ndani punje za namna mbili. Zile nyeusi ni mkaa amilifu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyopashwa joto kali mpaka vikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ya mkaa huo ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500. Klorini huishia humo, na vitu vinavyoyapa maji harufu hunaswa humo. Punje nyingine, za mviringo na zenye weupe unaoelekea manjano, ni resini, ambayo kazi yake ni kubadilishana: hushika kalsiamu, shaba na risasi (ile metali yenye sumu) iliyoyeyuka, na badala yake huachia kitu kingine kisicho na madhara kwa watu wengi. Sasa tazama nafasi zilizopo kati ya punje na punje. Unaziona bila miwani. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikroni moja hadi tatu, na milimita moja ina mikroni 1,000, kwa hiyo anapita hapo bila kugusa ukuta. Virusi ni wadogo zaidi.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wachache hulitaja. Kwa kuwa jagi huondoa klorini, maji yanayotoka humo hayana tena ulinzi yaliyokuwa nao yalipoingia. Maji yaliyochujwa yakikaa siku mbili mezani katika joto la Dar es Salaam, bakteria wachache waliopita huongezeka, na wengine hujenga makazi ndani ya katriji yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji hushauri maji hayo yawekwe katika friji na yanywewe ndani ya siku moja.

Kwa hiyo tumia jagi lako kwa utaratibu huu. Chuja kwanza, kisha chemsha, kisha hifadhi katika chombo safi chenye mfuniko na koki, ili mtu asichovye kikombe wala mkono. Ukichemsha kwanza na kuchuja baadaye, utakuwa umeua vijidudu na kuyarudisha maji mahali ambapo huenda vijidudu vingine vimekaa. Kuhusu gesi, wengi wetu tumefundishwa kuacha maji yatokote kwa dakika kumi au zaidi. Si lazima. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yakifika hatua ya kutokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda bila kukoma, kazi imekwisha. Wataalamu wengine huongeza dakika moja kwa tahadhari, na dakika tatu kwa watu wa nyanda zilizo juu ya mita 2,000. Funika sufuria, zima jiko, acha yapoe yenyewe. Mtungi wako wa gesi utakaa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Njia nyingine ni dawa ya maji kama WaterGuard, ambayo watoto huikataa kwa sababu ya harufu. Hapo jagi lako lina faida ya kweli: tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, subiri dakika 30, kisha pitisha maji katika jagi ili harufu iondoke. Maji hayo yanywewe siku hiyohiyo, kwa sababu ulinzi wake umekwisha ondolewa pamoja na harufu.

Ikiwa siku moja utanunua jagi jingine, yapo yenye utando mwembamba uliojaa vitundu vya mikroni 0.2, kama LifeStraw Home, ambao huzuia bakteria na vimelea kama vile giadia, ingawa virusi hawazuiliki kwa vitundu vya ukubwa huo. Uganda nako hutengenezwa vyungu vya udongo vya kuchujia viitwavyo Purifaaya, ambavyo huchuja polepole lakini huzuia bakteria. Utando wa jagi huziba upesi kwa matope, na wakati wa masika maji ya Mto Ruvu huja na tope hata yakiwa yametibiwa. Yaache yatuame usiku mzima, tumia shabu ikibidi, na uchuje yale ya juu tu. Simtanki nalo lioshwe. Tope lililolala chini yake ndilo linalofupisha maisha ya kila chujio utakalonunua.

Ndugu mhariri, ofisini kwetu alikuja muuzaji wa machujio ya maji. Alijaza glasi mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yaliyotoka katika chombo chake, akatumbukiza kifaa chenye vyuma na kukichomeka kwenye umeme. Ndani ya dakika moja maji ya bomba yakawa ya kahawia yenye povu chafu, na yale ya kwake yakabaki meupe. Kabla ya hapo alipima kwa kalamu fulani, maji yetu yakasoma 480 na yake yakasoma 6. Wafanyakazi wenzangu wanne wamelipa malipo ya awali. Je, kweli tumekuwa tukinywa uchafu ule?
*Mtumishi wa umma, Dodoma*

Uchafu ule haukuwa ndani ya maji. Ulitoka kwenye vyuma vya muuzaji.

Kifaa hicho huwa na vijiti vya chuma cha kawaida na vya alumini. Umeme unapopita katika maji kutoka kijiti kimoja kwenda kingine, chuma humung'unyuka na kugeuka kutu, na kutu hiyo ndiyo iliyowashtua. Ili umeme upite, maji lazima yawe na madini yaliyoyeyuka. Maji yenu ya visima vya Makutupora, kama maji mengi ya chini ya ardhi, yana madini, kwa hiyo umeme hupita vizuri na kutu hutoka kwa wingi. Maji yaliyoondolewa madini yote hayapitishi umeme wa kutosha, hivyo chuma hakiliki. Jaribio hilo lingetoa rangi ileile hata kwa maji ya madini ya chupa yanayouzwa kwa bei ghali. Muuzaji akirudi, mwombeni atie chumvi ya mezani, kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, katika glasi yake nyeupe kabla ya kuwasha kifaa. Itakuwa ya kahawia kuliko ya kwenu. Msifanye wenyewe, kwa maana ni umeme wa ukutani uliotumbukizwa katika glasi ya maji, na hilo pekee lingetosha kumfukuza mtu ofisini.

Kalamu yake ni kifaa halali, ila imetumiwa vibaya. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha hukadiria jumla ya madini yaliyoyeyuka kwa miligramu katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba maji yenye chini ya miligramu 600 kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na kwamba ladha huanza kuwachukiza watu yanapopita 1,000. Hiyo 480 yenu ni maji ya kawaida. Kalamu haioni bakteria hata mmoja. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye kinyesi cha ndege yanaweza kusoma namba ndogo sana na yakamlaza mtu hospitali, ilhali maji mazuri ya kisima kirefu yakasoma 500.

Sisemi kwamba chombo chake hakina thamani. Kinachoshusha namba hadi 6 huwa ama ni mtambo wa kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mkali, ama ni jagi lenye resini nyingi kama yale ya ZeroWater, na vyote viwili vina kazi yake mahali penye chumvi au metali. Ninachosema ni kwamba muuzaji ambaye hoja yake kuu ni glasi ya kutu hastahili malipo ya awali. Mwombeni cheti kinachotaja kwa majina vitu ambavyo chombo hicho kimethibitishwa kuviondoa, na maabara iliyothibitisha. Wenzako wanne nao wadai risiti zao mapema.

Mhariri, meno ya mwanangu wa kwanza yameota na madoa ya kahawia, kama ya watoto wengi wa huku. Mdogo wake ana miaka mitatu na sitaki yampate. Mjini Arusha nimeonyeshwa jagi ambalo muuzaji anasema huondoa madini yote. Mume wangu anaona tuchemshe maji kwa muda mrefu zaidi. Tufuate lipi?
*Msomaji, Usa River, Arusha*

Mume wako amekusudia mema, lakini kuchemsha huongeza tatizo. Madoa hayo hutokana na floraidi inayoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, nayo haipai pamoja na mvuke. Kadiri maji yanavyopungua katika sufuria, ndivyo floraidi inavyokolea katika yale yaliyobaki. Chemsheni kwa ajili ya vijidudu, kwa muda nilioutaja hapo juu, na si zaidi.

Jagi la kawaida la mkaa amilifu halifai kwa kazi hii. Jagi lenye resini kali linaweza kupunguza floraidi likiwa jipya, lakini floraidi haina rangi, harufu wala ladha, hivyo siku resini itakapochoka hutajua, na mtoto ataendelea kunywa kutoka katika jagi ambalo ninyi mnaliamini. Kwa maji yenye madini mengi siku hiyo huja mapema. Ndiyo maana sikushauri uanze na jagi, hata kama muuzaji ni mkweli.

Anza na kipimo. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Arusha, na kipimo cha floraidi ni cha kawaida kwao. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Usitumie jibu la kisima cha jirani, kwa sababu huku kwenu visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana mno.

Jibu likiwa juu ya kiwango, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali nanyi, ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwa hewa kidogo kisha ikasagwa kuwa punje. Floraidi hushikwa na madini ya mfupa kwa sababu ileile inayoifanya ipende meno. Mkaa huo nao huchoka, kwa hiyo muulize anayekuuzia atakupimia maji baada ya muda gani. Ipo pia Nanofilter ya Dkt. Askwar Hilonga, mtaalamu wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, ambayo mwaka 2015 ilishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Upekee wake ni kwamba hupangwa kulingana na kasoro ya maji ya mahali husika. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni mvua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa, hayana floraidi ya kuhesabu. Yatengeni kwa ajili ya huyo wa miaka mitatu, kwa kunywa na kwa uji, na myachemshe. Hata mkiyachanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima, mtakuwa mmekaribia kupunguza floraidi kwa nusu.

Muda ni muhimu kwa sababu madoa huingia wakati jino likijengwa ndani ya ufizi, na meno ya kudumu ya mbele hujengwa tangu utotoni hadi kufikia takriban miaka minane. Huyo mdogo bado yumo ndani ya kipindi hicho. Wa kwanza hatasaidiwa na chujio lolote kwa madoa yaliyokwisha ingia; hayo ni ya kumwonyesha daktari wa meno.

Angalia na magadi. Katika makande na vyakula vingine vya huku magadi hutumika kulainisha, nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Itakuwa ni kazi bure kuhangaika na chujio ghali kisha ukairudisha floraidi kwa kijiko. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Asalaam aleikum. Kisima chetu hapa Kisauni kina maji ya chumvi, hata chai haina ladha. Ni jagi gani litaondoa chumvi hiyo?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Jagi la mkaa halitaondoa hata chembe. Jagi la resini nyingi litaondoa, lakini kwa maji ya pwani yaliyoingiwa na bahari katriji yake itakwisha upesi kiasi cha kukukera wewe na mfuko wako. Chumvi huondolewa kwa mtambo wenye pampu unaosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando, ambao hutumia umeme na humwaga sehemu ya maji kama taka. Kwa nyumba moja, mara nyingi ni nafuu kununua maji ya kunywa na ya chai kwenye duka la kujaza maji lenye mtambo huo, na kisima kikabaki cha kufulia na kudekia.

Chumvi, hata hivyo, si kasoro mbaya zaidi ya kisima cha Kisauni. Mwamba wa matumbawe una nyufa na matundu, na pale ambapo vyoo vya shimo na visima vimekaribiana, kinachoingia huku hutokea kule. Maji ya kisima hicho yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa, hata kama siku moja chumvi itapungua.

Mhariri, mimi ni Mkongomani, mwenyeji wa Bukavu, ninaishi na familia yangu mtaa wa Rogers Park, Chicago. Tumepata barua inayosema bomba linaloingia nyumbani kwetu huenda ni la risasi. Nina mtoto wa miezi mitano anayekunywa maziwa ya unga. Jagi la kuchujia latosha? Na nikichemsha je?
*Mama, Chicago*

Katika barua zote za leo, yako ndiyo ambayo jagi ni jibu sahihi, ila lazima liwe jagi lenyewe.

Maji ya Chicago hutoka Ziwa Michigan na huondoka kwenye mtambo bila tatizo hilo. Risasi huingia mwishoni kabisa, katika kipande cha bomba kinachounganisha nyumba na bomba kuu la mtaa. Sheria za jiji zilitaka mabomba hayo yawe ya risasi mpaka Marekani ilipoyapiga marufuku mwaka 1986, na ndiyo maana Chicago ina mabomba hayo mengi kuliko jiji lolote la Marekani, takriban 400,000. Kuyabadilisha yote kutachukua miaka mingi.

Kuchemsha hakuondoi risasi. Huikoleza, kama nilivyomweleza msomaji wa Usa River kuhusu floraidi. Usimpikie mtoto maziwa kwa maji ya moto ya bomba, kwa sababu maji ya moto huyeyusha risasi zaidi. Tumia maji baridi, na asubuhi, au mkirudi baada ya kutwa nzima, fungua bomba litiririke kwa dakika kadhaa kabla ya kukinga. Unaweza kuoga au kufua kwanza, ili maji yaliyolala katika bomba yatoke bila kupotea bure.

Dukani, acha sifa zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi na ugeuze nyuma. Tafuta maandishi NSF/ANSI 53, ambacho ni kiwango cha Marekani cha kuthibitishia machujio ya maji, kisha tafuta neno "lead", ambalo ndilo risasi, katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kupunguzwa. Yote mawili yawepo. Kiwango cha 42 peke yake ni cha ladha na harufu ya klorini, na maboksi mengi huonyesha hicho kwa fahari. Chukua mfano wa Brita hiyohiyo: katriji zake nyeupe za kawaida hazikuthibitishwa kwa risasi, lakini zile za Elite zimethibitishwa, na zote huingia katika jagi moja. Mtu anaweza kununua jagi sahihi na katriji isiyo sahihi kwa tofauti ya dola chache. Elite huandikiwa galoni 120, yaani kama lita 450, au miezi sita. Lolote litakalotangulia, badilisha.

Tumia maji yaliyochujwa kwa maziwa ya mtoto, kwa kunywa na kwa kupikia, hasa ugali na wali, ambavyo hunywa maji yote ya sufuria. Kuoga hakuna shida, kwa sababu risasi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Jiji hutoa vifaa vya kupimia risasi bila malipo ukipiga simu 311. Omba leo, kwa kuwa foleni ipo. Siku ya kliniki mwombe daktari wa mtoto ampime na damu.

Habari ya kazi, mhariri. Sisi ni watu sita, na katriji ya jagi letu hukwisha kabla ya mwezi ingawa boksi linasema wiki nne. Nimeanza kuiosha na kuianika juani, kisha naitumia tena. Taa ya kwenye mfuniko bado ni ya kijani. Nafanya sawa?
*Msomaji, Kayole, Nairobi*

Taa hiyo haionji maji. Katika majagi mengi ni saa tu inayohesabu siku tangu ulipoibonyeza, au inayohesabu mara ngapi mfuniko umefunguliwa, na haijui mko watu wangapi.

Fanya hesabu wewe mwenyewe. Katriji ya aina hiyo kwa kawaida ni ya lita 150. Watu sita wakinywa lita mbili kila mmoja ni lita 12 kwa siku, kwa hiyo katriji yenu imekwisha siku ya kumi na tatu. Wiki nne za boksi ni za nyumba inayotumia lita tano hivi kwa siku. Ukitaka kujua gharama halisi, gawanya bei ya katriji kwa lita zake: tuseme inauzwa shilingi 1,200, basi kila lita inakugharimu shilingi nane, mbali na bili ya maji. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kila chujio unalolifikiria, na utashangaa mara ngapi jagi la bei rahisi lina maji ghali. Utando wa LifeStraw Home niliotaja huandikiwa lita 1,000, ambazo kwenu ni kama siku 83, ingawa sehemu yake ya mkaa hubadilishwa mapema zaidi.

Kuiosha katriji hakuirudishi. Mkaa amilifu uliojaa huhitaji joto la mamia ya nyuzi ili utoe ulichonasa, na jua la Kayole, pamoja na ukali wake, halifiki huko. Resini ikikauka hupasuka, na punje zake utaziona zikielea katika glasi. Unyevunyevu unaobaki ndani wakati wa kuianika nao ni mahali pazuri pa bakteria kuzaana. Kinachooshwa ni jagi lenyewe, kila wiki, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, pamoja na ile mifereji ya mfuniko inayoota utelezi. Machujio ya udongo ndiyo yanayosuguliwa kwa brashi laini na kutumika tena, na baadhi ya tando husafishwa kwa kusukuma maji kinyumenyume. Soma kijitabu chake. Ukiweka katriji mpya, mwaga majagi mawili ya kwanza au umwagilie maua; chembe nyeusi utakazoziona ni vumbi la mkaa na hazina madhara.

Kwa watu sita, jagi ni dogo mno kwa vyovyote. Lile linalouzwa kama la lita 2.4 huweza kuwa na lita 1.4 tu za maji yaliyochujwa, kwa sababu sehemu kubwa ya juu ni faneli ya kumiminia. Tafuteni chombo cha mezani chenye koki, cha lita nane au zaidi, na kabla ya kulipa mwulize muuzaji akuonyeshe katriji za ziada palepale dukani. Zisipokuwapo siku ya kununua chombo, usitegemee kuzikuta mwezi ujao.

Mhariri, baba yangu anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Tumemnunulia jagi la kuchujia ili apate maji safi. Kuna tahadhari yoyote?
*Msomaji, Unguja*

Ipo, na huandikwa kwa herufi ndogo katika kijitabu. Baadhi ya katriji za resini, zikiwamo za Brita, huongeza potasiamu kidogo katika maji wakati zinaposhika chokaa. Kwa mtu mwenye figo nzima kiasi hicho hakina neno, lakini baba yako bila shaka amekwisha ambiwa ahesabu potasiamu anayoila na hata maji anayokunywa. Peleka kijitabu cha jagi kwa daktari wake kabla hajaanza kulitumia, na kwa sasa mpeni maji yaliyochemshwa, kwa kipimo alichopangiwa.